Siri Unayosomewa Si Siri: Mama Zetu, PIN na Miwani ya Kusomea

Shangazi yangu ni fundi wa nguo. Ana cherehani ya kukanyaga, kibanda cha mabati karibu na steji ya matatu mjini Nakuru, na wateja waliomzoea kwa zaidi ya miaka 20. Sare za shule, mapazia, nguo za kitenge za harusi: ukimpelekea kitambaa Jumatatu, Jumamosi unachukua nguo yako ikiwa imepigwa pasi. Ama ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka juzi, kazi zikaanza kuchelewa.

Siku moja nilipita kumsalimia. Mteja akamlipa kwa simu, simu ikalia. Shangazi akaichukua, akaisogeza mbali na uso mpaka mkono ukaisha, akafinya macho, halafu akampa kijana wa kibanda cha pili. "Hebu nisomee, imeingia ngapi?" Kijana akasoma. Baada ya dakika chache shangazi alitaka kumlipa mwenye duka la vitambaa. Simu ikarudi kwa kijana yule yule, na bila hata kushusha sauti akamtajia PIN yake.

Nilishtuka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mmoja wa wale wanaoketi ofisini wakitunga meseji za kukukumbusha kwamba PIN ni siri yako. Nikamwambia, "Shangazi, PIN haitajwi kwa mtu!"

Akacheka. "Mwanangu, hiyo najua. Lakini hata hiyo meseji mnayonitumia, ni huyu kijana hunisomea."

Sikuwa na jibu. Nimeyafikiria hayo maneno kwa muda sasa, na nimefika mahali pa kusema hivi: kwa mama wengi waliovuka miaka 40, hatua ya kwanza ya kulinda pesa kwenye simu si somo lingine. Ni miwani ya kusomea.

Si ujinga, ni macho

Nikiri kosa langu kwanza. Nilipoanza kazi, nilienda na wenzangu kufundisha kikundi cha akina mama sokoni jinsi ya kupokea malipo kwa till. Tulibeba mabango, tukaeleza hatua kwa hatua, wakaitikia vizuri kabisa. Tulipowaambia watoe simu wajaribu wenyewe, wengi wakaanza kutafuta mtu wa kuwashikia. Kwenye ripoti tukaandika kwamba wanahitaji mafunzo zaidi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza kama wanaona.

Ndani ya jicho kuna lenzi. Ukiwa kijana, lenzi hiyo ni laini na hubadilisha umbo kila unapotazama kitu cha karibu. Miaka ikienda, inakuwa ngumu pole pole, na ukifika miaka 40 hivi, kazi ya karibu inaanza kukusumbua. Madaktari huiita hali hiyo presibiopia. Haiambukizwi, haiji kwa sababu ulishona usiku, na haichagui msomi wala asiyesoma. Ukiishi vya kutosha, itakupata tu. Mimi mwenyewe niko kwenye foleni.

Ndiyo maana mama anaweza kukutambua ukiwa ng'ambo ya barabara, lakini asione tundu la sindano iliyo mkononi mwake. Na hapo ndipo sisi wengine hukosea. Kwa kuwa anaona mbali, tunadhani macho yake ni mazima. Akishindwa na simu, tunasema "wazee na teknolojia, jameni", tunacheka, tunamnyang'anya simu na kumfanyia.

Sasa piga hesabu. Pesa kwa simu ilianza kutumika Kenya mwaka 2007. Mama aliyekuwa na miaka 30 wakati huo, aliyejifunza kutuma na kutoa pesa akiona vizuri, leo yuko karibu na 50. Hakusahau chochote. Ni herufi ndizo zimemkimbia. Na hayuko peke yake: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana shida hii ya kuona karibu na hawajapata suluhisho, ilhali suluhisho lenyewe ni miwani ya kawaida.

Pesa ambayo haiibwi, haiingii tu

Kwenye blogu hii tunaongea sana kuhusu pesa inayoibwa. Kuna pesa nyingine ambayo hakuna mwizi aliyeigusa. Haikuingia tu.

Nilimuuliza shangazi kwa nini kazi zinachelewa. Akaniambia alikuwa ameacha kupokea oda za sare zenye nembo, kwa sababu kushona nembo kunataka uzi mwembamba na jicho kali. Vitambaa vyeusi alikuwa anavishona asubuhi peke yake, jua likiwa limetoka vizuri. Saa kumi na moja jioni anafunga, ilhali zamani alikuwa anashona mpaka saa mbili usiku. Mshono ukienda kombo, anafumua na kuanza upya. Hajawahi kuiita hiyo hasara. Yeye alikuwa anasema, "Nimezeeka." Ana miaka 52.

Watu wamelipima jambo hili, na matokeo yanafaa kusikika katika kila soko la Kenya. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia watu 824 wa vijijini, wa umri wa miaka 35 hadi 65, wote wakiwa na shida ya kuona karibu na wakifanya kazi zinazotegemea macho, wakiwemo mafundi wa nguo na wafumaji. Karibu nusu yao walipewa miwani ya kusomea bila malipo. Wengine waliipata utafiti ulipoisha. Mwanzoni kipato cha kati cha makundi yote mawili kilikuwa dola 35.3 kwa mwezi. Baada ya miezi 8, waliopewa miwani walikuwa wamefika dola 47.1. Wale waliosubiri walibaki pale pale. Nyongeza hiyo ni kama asilimia 33.

Ukiona Bangladesh ni mbali na fundi wa Nakuru, basi fikiria chai. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka Assam, India, uliofanywa kwa wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi, wengi wao wanawake. Waliopewa miwani waliongeza kilo wanazochuma kwa siku kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kwa mama wa Kericho, Nandi ama Kirinyaga anayelipwa kwa kilo, hiyo si habari ndogo. Kuchagua majani mawili na chipukizi ni kazi ya macho kabla haijawa kazi ya vidole.

Sisemi hesabu za huko zitatoka vile vile hapa. Bei ni tofauti, kazi ni tofauti. Lakini jicho la miaka 50 ni lile lile, Assam ama Kericho.

Kwa nini nasema mama

Baba naye anazeeka macho, hilo liko wazi. Lakini angalia ni nani anafanya kazi za karibu hapa kwetu. Anayechambua mchele na kutoa mawe kwenye maharagwe. Anayeshona, anayesuka nywele, anayesuka kiondo. Anayesoma karatasi ya dawa ya mtoto usiku stima ikiwa imepotea. Anayeshika daftari la chama na kuandika nani ametoa na nani bado. Kazi hizi zote ziko umbali wa mkono mmoja kutoka usoni, na mara nyingi mwenye mkono huo ni mama.

Halafu angalia ni nani hujinunulia kitu mwisho. Mwezi ambao shangazi alikuwa anashindwa kutunga uzi kwenye sindano, alilipa karo ya mtoto wa dada yake, akatoa mchango wa mazishi, akatuma pesa ya mbolea nyumbani. Yote kwa simu, yote kwa kusomewa. Nilipomuuliza kuhusu miwani, akasema, "Hiyo itangoja." Nilipompeleka hatimaye, ya kwake iligharimu shilingi 300. Nguo moja ya kitenge ingelipa miwani hiyo na chenji ibaki.

Pia kuna aibu. Ati miwani ni ya walimu. Ati ukivaa, wateja watasema fundi amezeeka. Ati ukishaanza, macho "yanazoea" na kuharibika zaidi. Hili la mwisho nimelisikia hata kwa watu waliosoma, na si kweli. Lenzi ya jicho itaendelea kuwa ngumu uvae miwani usivae. Miwani haiharibu jicho. Kinachotokea ni kwamba ukishaona vizuri, unagundua ulivyokuwa huoni.

Msaidizi naye yuko hatarini

Turudi kwa PIN. Baada ya shangazi kupata miwani, jioni moja aliketi na kupitia meseji zake za zamani moja baada ya nyingine. Akakuta amenunua airtime ya shilingi 50 hapa, 100 pale, kwa nambari ambayo haitambui. Si pesa nyingi. Nilitaka mara moja twende kwa yule kijana wa kibanda cha pili.

Shangazi alikataa. "Labda nilimtuma mimi mwenyewe, nikasahau. Labda ni yeye. Labda ni mtu mwingine niliyempa simu. Sasa nitamuuliza nini, na yeye atajitetea vipi?"

Hapo nilielewa jambo ambalo halimo kwenye mabango yetu. Mtu anaposomewa meseji zake na kubonyezewa PIN yake, hatari haiko kwake peke yake. Msaidizi mwaminifu naye hawezi kuthibitisha uaminifu wake. Siku pesa ikipungua, hata kwa kosa la mwenyewe, macho yote yanamwangalia yeye. Nimeona familia zikinuniana kwa sababu ya shilingi elfu mbili ambazo hakuna anayejua zilienda wapi: mama na binti mkwe, nyanya na mjukuu. Huwa tunaita huo wizi wa nyumbani. Mara nyingine ni herufi ndogo tu.

Na matapeli wanalijua hili. Ile meseji ya uongo ya "umetumiwa pesa kimakosa, tafadhali rudisha" inamtegemea mtu asiyeangalia imetoka kwa nambari gani na salio lake linasema nini. Mtu anayeona vizuri anaweza kudanganywa pia, lakini angalau ana nafasi ya kukagua. Asiyeona anabaki kuamini sauti ya anayempigia.

Na sisi wa kampuni?

Kuna wenzangu watakaosema hii ni kazi ya hospitali, si ya kampuni ya malipo. Wengine watasema miwani haimfundishi mtu kusoma, na haimzuii tapeli. Ni kweli, miwani si dawa ya kila kitu. Yuko mama asiyejua kusoma, na huyo anahitaji sauti, alama na mafunzo. Yuko mwenye ugonjwa wa macho ambao miwani ya kusomea haitausaidia.

Lakini kampuni inayomwambia mteja "usimpe mtu PIN yako" inamdai mteja huyo aone. Tukidai hivyo, basi tuna wajibu wa kuuliza kama anaona. Huu ni maoni yangu, na nitayasema hata kwenye mikutano ya ofisi:

Kila mafunzo ya akina mama yaanze na karatasi ya kupima kuona karibu. Dakika mbili kwa kila mtu zinatosha kujua nani hasomi herufi ndogo.

Kila kaunta ya wakala iwe na miwani ya kusomea ya kuazima, hata mbili za nguvu tofauti, zimefungwa kwa kamba kama kalamu. Mteja anavaa, anasoma meseji yake, anaweka PIN yake, anarudisha.

Kiasi cha pesa na jina la aliyetuma vije mwanzoni mwa meseji, si katikati ya maneno mengi na tangazo la promosheni chini. Hilo la promosheni nalisema kwa aibu, maana mengine nimeyaandika mimi.

Na masharti ya mkopo wa simu yaandikwe kwa herufi ambazo mama wa miaka 55 anaweza kuzisoma kabla ya kubonyeza "Kubali". Kukubali kitu usichokiona si kukubali.

Unachoweza kufanya wiki hii

Usitungoje sisi. Kama una miaka 40 na zaidi, ama una mama, shangazi au nyanya wa umri huo, anza hapa:

1. Jipime. Shika simu umbali wa kawaida, kama sentimita 40 kutoka usoni, ufungue meseji. Ukilazimika kunyoosha mkono ama kutoka nje kwenye jua ndiyo usome, macho yako yanakuambia kitu.

2. Pimwa macho kabla ya kununua. Kuanzia miaka 40 ni vizuri mtaalamu akuangalie, kwa sababu presha ya macho inaweza kuharibu jicho kimya kimya bila maumivu. Mwenye kisukari anafaa kukaguliwa macho kila mwaka. Ukiona giza la ghafla, maumivu makali ama mwanga kama wa radi ndani ya jicho, usinunue miwani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

3. Ukienda kuchukua miwani ya kusomea, beba kazi yako. Miwani hii huwa na namba, mara nyingi kuanzia +1.00 hadi +3.50. Beba sindano na uzi, kiondo ama daftari la chama, pamoja na simu yako. Jaribu vyote hapo hapo. Miwani ya tayari huwa na nguvu sawa pande zote mbili, kwa hivyo kama macho yako yanatofautiana, utahitaji kutengenezewa.

4. Kuza maandishi. Kwenye simu nyingi za kisasa, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya skrini, utaona ukubwa wa maandishi. Ongeza pia mwangaza. Kwa mulika mwizi, si kila simu ina nafasi hiyo, ndiyo maana miwani inabaki muhimu.

5. Ukishaona, badilisha PIN siku hiyo hiyo. Ile ya zamani inajulikana na watu wengi kuliko unavyokumbuka. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Huhitaji kumshtaki mtu yeyote, badilisha tu.

6. Kabla ya kutuma, soma jina na kiasi. Soma kwa sauti ya chini ikikusaidia. Ukikosea, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kabla pesa haijatolewa.

7. Leteni jambo hili kwenye chama. Raundi moja ya mchango mdogo inaweza kuwapima na kuwavisha miwani wanachama wote wanaoihitaji. Mkishamaliza, mweka hazina atasoma daftari mwenyewe, na kila mmoja atasoma meseji yake.

Kwa vijana wenzangu, nina ombi. Mama akikupa simu umsomee, msomee, lakini usiishie hapo. Muulize ni lini alianza kushindwa kusoma. Krismasi ijayo mnunulie leso, sawa, lakini mpeleke pia akapimwe macho. Ukimsomea leo, umemsaidia leo. Akisoma mwenyewe, hakuhitaji kesho.

Shangazi sasa anapokea tena oda za sare zenye nembo, na taa ya kibanda huwaka mpaka saa mbili. Yule kijana bado ni jirani mwema, wanasalimiana na kuazimana chenji. Simu tu ndiyo haimpi tena.

Wiki iliyopita alinipigia. "Leo nimeisoma ile meseji yenu ya PIN mwenyewe, mpaka mwisho."

Nikafurahi. "Umeionaje, shangazi?"

"Ni nzuri. Lakini wewe na wenzako huko ofisini, kwani herufi kubwa huwa zinauzwa?"